Mazoezi ya Saa Nne Asubuhi: Kisa cha Timu ya Kanda Yenye Wachezaji wa Aina Mbili

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha timu moja ya kriketi ya wanawake nchini Uingereza, mojawapo ya timu nane za kanda zilizocheza ligi za kulipwa za nchi hiyo kati ya 2020 na 2024. Nilifanya kazi nayo upande wa utawala: ratiba, usafiri, hoteli, chakula cha siku ya mechi. Jina la timu, mji, msimu wenyewe na matokeo ya mechi moja moja nimeviondoa. Wahusika nawataja kwa kazi zao. Mmoja nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na bila kalenda ya shule kisa chote hakieleweki.

Nimekiandika nikiwafikiria wanaoendesha timu za wanawake huku kwetu. Tangu 2014 Kigali huwa mwenyeji wa mashindano ya kriketi ya wanawake ya Kwibuka, na Tanzania wamelibeba kombe hilo 2019 na 2022. Anayefuatilia wasichana hawa anajua wengi wao wanatoka darasani au kazini. Siku fedha zitakapopatikana, hazitawatosha wote kwa mara moja. Watapewa wanne au watano kwanza, wengine waambiwe wasubiri. Timu yetu ilikuwa katika hali hiyohiyo, na ndiyo maana naona kisa hiki kinawahusu.

Mazingira

Wanawake wa Uingereza walicheza mechi yao ya kwanza ya kimataifa mwaka 1934. Kombe la Dunia la kwanza kabisa la kriketi lilikuwa lao, 1973, miaka miwili kabla ya la wanaume, na nahodha aliyelitwaa alikuwa Rachael Heyhoe Flint. Hata hivyo ilibidi kusubiri hadi 2014 ndipo wachezaji wa timu ya taifa wakapewa mikataba ya kuishi kwa mchezo. Chini yao hapakuwa na kitu. Kati ya 2016 na 2019 kulikuwa na ligi ya timu sita, Kia Super League, ya wiki chache za kiangazi. Ikiisha, mchezaji aliyekuwa hatua moja tu nyuma ya timu ya taifa alirudi dukani, chuoni au hospitalini.

Oktoba 2019 bodi ya kriketi ya Uingereza na Wales, ECB, ilitangaza mpango wa pauni milioni 20 kwa miaka miwili. Nchi iligawanywa kanda nane, kila kanda ikiunganisha kaunti kadhaa: Northern Diamonds, Thunder, Lightning (baadaye The Blaze), Central Sparks, Western Storm, Southern Vipers, South East Stars na Sunrisers. Corona ikaingia kabla mambo hayajakaa sawa, kwa hiyo Juni 2020 wachezaji 25 walipewa posho ya kuwashikilia, na ligi ya ova 50 (ova moja ni mipira sita), iliyopewa jina la Heyhoe Flint, ikaanza mwishoni mwa Agosti. Desemba 2020 ikatangazwa mikataba 41 ya mwaka mzima, takriban mitano kwa kila kanda.

Kikosi cha kanda kinahitaji wachezaji kumi na tano na zaidi. Waliobaki nje ya mikataba walilipwa kwa mechi: ukicheza unalipwa, usipocheza hulipwi. Kwa lugha ya kwetu, timu ilikuwa na waajiriwa na vibarua, wote wakivaa jezi moja.

Jambo jingine la kulishika mapema ni kwamba timu ya kanda haikuwa na nyumba yake. Haikumiliki uwanja, ukumbi wa ndani, wala gym. Ilikuwa mpangaji katika majengo ya klabu za kaunti, ambazo kwa zaidi ya karne zimejengwa na kuendeshwa kwa ajili ya wanaume. Mpangaji hapangi saa ya kufungua geti.

Yaliyotokea

*Oktoba na Novemba.* Majira ya baridi kriketi ya Uingereza huingia ndani. Ukumbi tulioupanga ulikuwa na neti sita, yaani njia za mazoezi zilizozungushiwa wavu, na jioni zote, kuanzia saa kumi na mbili, neti hizo hukodishwa kwa klabu za mtaani zinazolipa kwa saa. Asubuhi ukumbi hukaa mtupu. Kocha mkuu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi, aliomba mazoezi yawe Jumatatu hadi Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Mkurugenzi wa kriketi akakubali. Ratiba niliichapa mimi.

Wenye mikataba walifurahi, na nilifurahi pamoja nao. Kwa mara ya kwanza maishani walikuwa wanafanya mazoezi wakati jua liko nje, badala ya kuja usiku wakiwa wamechoka na kazi za watu.

Wasio na mkataba tuliwapangia Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu jioni, neti mbili za mwisho, chini ya kocha wa akademi. Wakati huo mtaalamu wa viungo ameshaondoka. Mashine ya kurusha mipira imefungwa kwa mnyororo, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Mwalimu alikuwa akifika na begi la kriketi bega moja na mfuko wa madaftari bega la pili. Ni mrushaji wa mipira ya kuzungusha, mkono wa kushoto, na msimu uliotangulia ndiye aliyekuwa mrushaji wetu wa kutegemewa katika ova za katikati.

*Januari.* Kocha na nahodha walitengeneza mipango minne ya kupanga wadakaji uwanjani, wakaipa namba. Badala ya nahodha kusogeza mtu mmoja mmoja kwa mkono huku mpigaji akitazama, angetaja namba tu na kila mtu akajua pa kusimama, na mrushaji akajua pa kupeleka mpira. Lilikuwa wazo zuri. Waliifanyia mazoezi kwa wiki kadhaa, saa nne asubuhi. Picha ya ubao wenye michoro ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji wa mkataba, kundi lililoanzishwa kwa ajili ya mambo ya mishahara na vipimo vya afya. Hakuna aliyekusudia kumficha mtu. Kundi lile ndilo lililokuwa limefunguka kwenye simu ya kocha wakati ule.

*Februari.* Tarehe za mechi zilipofika, nilikaa nazo siku tisa nikingoja hoteli zithibitishwe, ili nitume kila kitu kwa mpigo mmoja. Siku hizo tisa zilimgharimu Mwalimu. Shule yake ilikuwa inapanga wasimamizi wa mitihani ya taifa ya Mei na Juni. Alipoipata ratiba na kwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa, jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye siku mbili za mechi.

*Mwisho wa Mei.* Mechi mojawapo ya mwanzo, ova 50, wikendi. Tulikuwa tunatetea jumla ya mikimbio ya kawaida, si kubwa si ndogo. Kufika ova ya ishirini na kitu wapinzani walikuwa wametulia, na nahodha akamrushia Mwalimu mpira.

Ova yake ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili, akiwa mbele ya mpigaji wa mkono wa kulia, nahodha akapaza sauti: "Namba tatu!"

Nilikuwa kando ya kamba ya mpaka wa uwanja, karibu na meza ya vinywaji, nikaona wadakaji wanahama. Mpango wa tatu ulikuwa unajaza watu upande wa nje na kuuacha upande wa miguu ya mpigaji karibu wazi. Masharti yake ni kwamba mrushaji apeleke mpira nje ya wiketi (vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji), mbali na mwili, mpigaji auvutie huko kwenye watu. Mwalimu alisimama mwanzo wa hatua zake, akageuka kushoto, akageuka kulia, akamtazama nahodha. Nahodha alikuwa ameshainama, mikono magotini, anangoja. Mwalimu akarusha mpira wake wa siku zote, uliolenga wiketi ya katikati. Mpigaji akaufungulia miguuni, ukaenda hadi kwenye kamba bila kuguswa na mtu. Mikimbio minne. Mpira uliofuata, vilevile. Minne mingine.

Kati ya mipira ile miwili nahodha alipiga makofi na kusema kwa nguvu, "Namba tatu, jamani, namba tatu!" Alidhani Mwalimu amekosa shabaha. Mwalimu alidhani anaambiwa arushe kwa kasi zaidi; alinieleza hivyo baadaye kwenye basi. Mpira wa tano aliurusha kwa kasi, mpigaji akatoka nje ya mstari wake akaukosa kabisa, na mlinda wiketi naye akaukosa. Ulikuwa mpira wa kumtoa mtu kwa kubomoa wiketi huku akiwa mbali. Lakini mlinda wiketi alikuwa ameketi chini sana, akingoja mpira ule wa polepole aliouzoea kwa wenzake wa asubuhi.

Nahodha alimtoa Mwalimu baada ya ova tatu. Tulishindwa.

*Juni.* Mechi za ova 20 zilianguka katikati ya wiki. Mwalimu alikosa mbili kwa sababu ya mitihani. Wengine wawili wasio na mkataba walijiondoa. Mmoja aliandika ujumbe mfupi kwamba angependa kucheza klabu yake ya mtaani, "kule ninakojua ninachofanya." Wa pili alichukua zamu za wikendi kazini. Wachezaji wetu wawili waliitwa timu ya taifa wakati huohuo, kukawa na jeraha moja, na tukajikuta tunajaza benchi kwa binti wa akademi mwenye umri wa miaka kumi na sita, ambaye mama yake ilibidi aje naye hotelini.

*Julai.* Mkurugenzi aliitisha kikao. Mwanzoni ajenda ilikuwa nidhamu na kujituma kwa wasio na mkataba. Mtaalamu wa viungo ndiye aliyeibadilisha, kwa swali moja. Aliuliza mlinda wiketi wetu amedaka mipira ya Mwalimu mara ngapi tangu Novemba. Nilikuwa na madaftari ya mahudhurio. Nilihesabu palepale mezani. Mara mbili.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kusema leo kwamba saa nne asubuhi ilikuwa kosa. Haikuwa hivyo ilipoamuliwa, na ni haki kueleza kwa nini.

Sababu ya kwanza ilikuwa fedha. Neti za asubuhi tulizipata bila malipo ndani ya mkataba wetu wa pango, ilhali za jioni zilikuwa na wateja. Kuzichukua sita zote usiku mbili kwa wiki kungemeza mshahara mzima wa kocha msaidizi.

Ya pili ilikuwa mwili. Mrushaji wa kasi akiongezewa mipira ghafla, hasa akiwa bado kijana, mifupa ya mgongo wa chini hupata ufa unaoweza kumweka nje msimu mzima. Mtaalamu wa viungo alitaka kuhesabu kila mpira wanaorusha, siku baada ya siku. Hilo linawezekana kwa watu wanaokuja kila siku, na kwa watu unaowaona mara moja moja haliwezekani.

Ya tatu sikuiona kwenye karatasi yoyote ila ilikuwa na nguvu kuliko zote mbili. Mikataba ile ilikuwa imepiganiwa kwa miaka. Kila mtu alitaka kuonyesha kwamba wasichana hawa sasa ni wanamichezo wa kulipwa kamili, na mtu wa kulipwa hafanyi mazoezi usiku kama mtu wa klabu ya mtaa. Kurudi jioni kulionekana ni kurudi nyuma. Nilikuwa na hisia hiyo mimi pia.

Kikao cha Julai kilitoa maamuzi manne. Mazoezi mawili ya wiki yakawa ya kikosi kizima, Jumanne saa kumi na mbili jioni na Jumapili asubuhi zisizo na mechi. Asubuhi za Jumatatu hadi Alhamisi zikabaki za wenye mkataba. Kiangazi mazoezi yako nje, kwa hiyo ukumbi haukuwa tatizo kwa muda ule. Kwa majira ya baridi yaliyofuata, mkurugenzi alikubaliana na klabu ya kaunti tuchukue neti tatu kati ya sita.

Pili, fedha zilizotengwa kwa kambi ya siku tano nje ya nchi zilihamishwa, zikawa malipo ya mazoezi kwa wasio na mkataba: kiasi kidogo kwa kila zoezi, pamoja na nauli. Wenye mkataba ndio waliopoteza kambi ya jua. Nahodha alilikubali hili kwanza, na baada yake sikusikia mwingine aliyelipinga mbele ya watu.

Tatu, makundi ya WhatsApp ya mambo ya uwanjani yaliunganishwa. La mishahara likabaki la wenyewe.

Nne, barua kwa waajiri. Kila mchezaji asiye na mkataba aliulizwa kama anataka tumwandikie mwajiri wake, na ratiba ikaanza kutumwa siku ileile inapotufikia, hata kama hoteli hazijulikani.

Kulikuwa na pendekezo la tano lililokataliwa: kuugawa mkataba mmoja uliokuwa karibu kumalizika uwe nusu mbili, wapewe watu wawili. Mkurugenzi alikataa kwa hoja kwamba tukianza kukata mikataba, bodi itaona nusu inatosha, na safari ya kufikia mshahara kamili itarudi mwanzo. Nilibishana naye siku ile. Sasa naona alikuwa sahihi, kwa sababu mikataba iliongezeka kweli. Kufikia 2023 kila kanda ilikuwa na kumi.

Matokeo

Agosti wengi wa wachezaji wetu wa mkataba waliondoka kwenda The Hundred, ligi ya kiangazi ya mipira mia kwa kila timu. Waliobaki, wa mkataba na wasio na mkataba, walifanya mazoezi pamoja jioni ndefu za kiangazi, shule zikiwa zimefungwa. Mlinda wiketi hakuwa amechaguliwa huko, na kwa wiki nne alikaa nyuma ya wiketi akidaka mipira ya Mwalimu tu. Septemba timu ilikuwa na umbo. Hatukutwaa kombe wala kukaribia, ila tulishinda mechi ambazo Mei tungezipoteza, na katika mojawapo Mwalimu alimtoa mpigaji bora wa wapinzani kwa mpira uleule uliotuponyoka Mei: mpigaji akatoka nje ya mstari, akaukosa, mlinda wiketi akabomoa wiketi kabla hajageuka.

Mmoja kati ya wawili waliojiondoa alirudi. Mwingine hakurudi.

Kwa upande wa hasara, siku za Jumanne za wenye mkataba zikawa ndefu mno: gym asubuhi, mchana mtupu, mazoezi tena hadi giza. Kocha hakupunguza asubuhi. Majira ya baridi yaliyofuata mrushaji wetu kijana wa kasi alianza kulalamika mgongo, akapumzishwa majuma kadhaa. Siwezi kusema ratiba ndiyo iliyomuumiza, lakini mtaalamu wa viungo alikuwa ametoa onyo kuhusu siku hizo, na onyo lake lilikaa kwenye barua pepe bila kujibiwa.

Mikataba ilipofika kumi, Mwalimu aliitwa akapewa wa kwake. Akaukataa. Ulikuwa wa mwaka mmoja, mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa shule, na shule ina pensheni. Alikuwa na deni la nyumba. Akaomba aendelee kulipwa kwa mechi. Katika ofisi yetu wapo walioona ameitupa bahati ya watu waliopigania mikataba ile. Mimi naona alifanya hesabu ya mtu mzima, na timu ilipaswa kuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo.

Mfumo wenyewe haukuishi muda mrefu. Aprili 2024 ECB ilitangaza kwamba kuanzia 2025 timu za juu za wanawake zitakuwa chini ya kaunti nane, kila moja ikipewa pauni milioni 1.3 kwa mwaka, na kanda zikafungwa baada ya msimu wa 2024. Timu yetu ikaenda pamoja nazo.

Uchambuzi

Tulihesabu fedha kwa makini hadi senti ya mwisho. Saa za watu hatukuzihesabu. Kwenye bajeti, mazoezi ya asubuhi yalionekana hayana gharama, kwa sababu gharama yake ilikuwa inalipwa na watu ambao hawamo kwenye bajeti. Mwalimu aliilipa kwa kukosa mlinda wiketi, mlinda wiketi akailipa kwa kutoujua mpira wa Mwalimu, na timu nzima ikailipa mwisho wa Mei ndani ya ova tatu.

Kriketi inaonekana ni mchezo wa mtu mmoja mmoja: mmoja anarusha, mmoja anapiga. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kudhani kwamba mrushaji anaweza kujiandaa peke yake usiku na bado akaingia uwanjani akafanya kazi. Mrushaji wa mipira ya kuzungusha hafanyi kazi peke yake hata kidogo. Anategemea macho ya mlinda wiketi anayekaa hatua moja nyuma ya mpigaji, na mdakaji aliye karibu anayejua mpira utaruka kimo gani. Anamtegemea na nahodha pia, anayejua ni mpira gani huyu mtu hupenda kurusha akishikwa na hofu. Mambo hayo huingia mwilini kwa kurudiarudia, kwa watu walewale, na yeyote asiyekuwepo hayapati. Wahenga walishasema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tulimpangia mtu asiwepo, kisha tukamlaumu kwamba lake halipo.

Neno "kujituma" lilitupotezea miezi. Tangu Machi kocha alikuwa akisema kundi la jioni halina ari, na kweli ukilitazama ungeona watu waliochoka, wanaotazama saa. Hakuna aliyejiuliza wametoka wapi kabla ya saa moja na nusu. Mwalimu alikuwa ameshasimama mbele ya madarasa tangu saa tatu asubuhi. Nikiyasoma madaftari yangu ya mahudhurio sasa, naona alikosa mazoezi matatu tu majira ya baridi yote. Ari ilikuwepo kwenye karatasi zangu mwenyewe, na sikuzifungua hadi nilipoulizwa.

Katika yale tuliyoyafanya Julai, Jumapili asubuhi ilifanya kazi kuliko yote. Haikuwa na mgongano na shule wala na ukumbi, na haikumfanya mtu wa mkataba aishi siku mbili ndani ya moja. Jumanne ilifanya kazi kwa wasio na mkataba na kuwaumiza wenye mkataba, na kosa hapo ni kwamba tuliongeza jioni bila kuondoa asubuhi. Kama ningeipanga upya, asubuhi ya Jumanne ningeifuta kabisa siku ileile ya kutangaza jioni, na ningemwekea mtaalamu wa viungo sahihi ya mwisho kwenye ratiba.

Malipo ya mazoezi yalikuwa madogo, pengine ya kujaza mafuta ya gari na kubaki na kidogo. Nilidhani hayatabadilisha kitu. Yalibadilisha namna watu walivyoingia mlangoni. Kabla yake, mchezaji wa mechi akichelewa alikuwa anakuja kwangu kuomba radhi kama mgeni aliyechelewa harusini. Baada yake, alikuwa anakwenda moja kwa moja kwa kocha kuuliza leo tunafanya nini. Mtu akilipwa kwa mechi tu, unamwambia kwamba siku nyingine zote si wa timu.

Barua kwa waajiri zilisaidia kwa wawili na hazikufua dafu kwa mmoja. Lililosaidia zaidi lilikuwa dogo na halikuhitaji barua: kutuma tarehe mapema. Shule hupanga mitihani, hospitali hupanga zamu, na wote hupanga wiki nyingi mbele. Zile siku tisa nilizongoja hoteli nimezibeba tangu wakati ule. Mchezaji hahitaji kujua atalala hoteli gani ili aombe ruhusa, anahitaji tarehe tu.

Jambo la mwisho linahusu nani anakaa mezani. Kikao kile cha Julai kilikuwa na mkurugenzi, kocha mkuu, kocha wa akademi, nahodha, mtaalamu wa viungo na mimi. Tuliongea kwa saa mbili na nusu kuhusu wachezaji wasio na mkataba, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwemo chumbani. Tuliamua wanachohitaji kwa kukisia. Wiki iliyofuata, mkurugenzi alimkuta Mwalimu kwenye maegesho anaingiza begi kwenye gari. Akamweleza tuliyoamua, kisha akamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, yeye angependa nini kirekebishwe. Nilikuwa pembeni na funguo za basi mkononi. Nilitegemea ataje malipo, au ukumbi, au ruhusa za shule.

"Naomba mtu aniambie namba tatu ni nini," alisema.

Nilirudi ofisini nikaichapa ile michoro ya ubao. Ilienea kwenye ukurasa mmoja.